Oldonyo Sambu, Kati ya Mirungi ya Kenya na Bangi ya Meru

Jani la mirungi likishakatwa lina siku mbili hivi za kuuzika. Kemikali inayompa mtafunaji stimu, kathinoni, hupungua nguvu kadiri jani linavyonyauka, na ndiyo sababu vifurushi hufungwa kwa majani ya migomba na kukimbizwa usiku kucha. Kutoka mashamba ya Igembe na Tigania katika kaunti ya Meru nchini Kenya hadi Nairobi, na kutoka Nairobi hadi Namanga, mzigo huo ni zao kama mazao mengine: una mkulima anayejulikana, una dalali, una ushuru. Ukivuka mpaka unakuwa dawa ya kulevya, na aliyeubeba anakuwa mtuhumiwa. Kilichobadilika hapo ni sheria peke yake. Jani ni lile lile, barabara ni ile ile, na familia zilizogawanywa na mpaka huo zinasalimiana kila siku kwa lugha moja.

Barabara hiyo ikishaipita Longido hupanda kuelekea Mlima Meru na kufika Oldonyo Sambu, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, kilomita zipatazo 35 kutoka jijini, upande wa mlima unaonyimwa mvua. Ukiuzunguka mlima kwenda mashariki, ndani ya Halmashauri ya Meru, unafika Ngarenanyuki na Uwiro, na juu yake Kisimiri, mahali ambapo vyombo vya dola vimekuwa vikipanda kwenda kufyeka bangi kwa miaka mingi. Wakazi wa Oldonyo Sambu, basi, wanaishi kwenye njia ya jani la jirani na pembeni mwa jani la nyumbani. Nimechagua kuitazama sera ya Tanzania ya dawa za kulevya kutokea hapo kwa sababu tumezoea kuitazama kutokea Dar es Salaam, na kutokea Dar es Salaam inaonekana imekamilika kuliko ilivyo.

Sera hiyo ilizaliwa pwani. Sheria Na. 9 ya mwaka 1995 ilituletea Tume ya Kuratibu Udhibiti wa Dawa za Kulevya, chombo ambacho kazi yake ilikuwa kuratibu, si kukamata. Wakati huo heroini ilikuwa imekwisha kuingia Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, na miaka iliyofuata ilithibitisha kwamba Bahari ya Hindi imekuwa mojawapo ya njia kuu za kuipeleka duniani. Majahazi yalikuwa yakipakia kwenye mwambao wa Makran, kati ya Iran na Pakistani, bidhaa iliyotoka Afghanistan, na kushusha Afrika Mashariki na Msumbiji. Januari 2012 zilikamatwa zaidi ya kilo 200 za heroini mkoani Lindi. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi nje ya pwani ya Kenya likiwa na kilo 1,032. Mwaka huo huo wakakamatwa mjini Mombasa ndugu wa familia ya Akasha, ambao baadaye walipelekwa Marekani na kuhukumiwa huko.

Katika hali hiyo Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria Na. 5 ya mwaka 2015, na Februari 2017 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ikaanza kazi chini ya Kamishna Jenerali wake wa kwanza, Rogers Sianga. Ilipewa uwezo wa kupeleleza, kupekua na kukamata. Ulikuwa mwezi ule ule ambao Paul Makonda, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wakati huo, alisoma hadharani majina ya watu maarufu aliowataka wafike polisi kuhojiwa. Nchi nzima ikaishika habari hiyo. Picha iliyobaki vichwani mwa Watanzania ikawa ya unga, ya mapapa wenye fedha, ya mateja waliolala kwenye vijiwe vya Kinondoni na Temeke. Picha hiyo haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya upande mmoja wa nchi.

Tazama takwimu za Mamlaka yenyewe za mwaka 2023. Kwa mwaka ule zilikamatwa zaidi ya tani 1,900 za dawa za kulevya na watuhumiwa zaidi ya 10,000, kiasi ambacho serikali ilieleza kuwa karibu mara tatu ya kilichokamatwa katika miaka kumi na moja iliyotangulia kwa ujumla wake. Ukizifungua tani hizo, zaidi ya 1,700 ni bangi na kama 200 ni mirungi. Heroini ni tani moja na kidogo, methamfetamini tani mbili na kidogo. Na sehemu kubwa ya hizo mbili za mwisho ilitokana na operesheni moja ya Desemba 2023, iliyofanyika Dar es Salaam na Iringa na kunasa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini kwa pamoja, mzigo mkubwa kuliko wowote wa aina hiyo uliowahi kukamatwa nchini hadi wakati huo. Kazi ile ya Kamishna Jenerali Aretas Lyimo na maofisa wake inastahili heshima. Mzigo wa namna ile ukiingia mitaani unaua.

Lakini tani zina tabia ya kumdanganya anayezisoma. Mche mbichi wa bangi una maji, shina na mizizi; gunia moja lake linaweza kuzidi kwa uzito heroini ya kutosha mtaa mzima kwa miezi. Mwaka ambao kikosi kimepanda mlima na kung'oa mashamba, jumla inaruka. Mwaka ambao kikosi hakikupanda, jumla inashuka, hata kama wakulima walipanda zaidi. Kwa hiyo uzito unatuambia dola imefanya kazi kiasi gani, hautuambii tatizo limepungua kiasi gani. Nalisema hili mapema kwa sababu karibu kila mjadala wetu unaishia kwenye uzito: hotuba inataja tani, gazeti linaandika tani, msikilizaji anaridhika. Mzazi wa Oldonyo Sambu ambaye mwanawe ameacha shule hana namna ya kuzitumia tani hizo.

Turudi barabarani.

Mirungi ndiyo dawa inayoonyesha vizuri zaidi kwamba nchi moja haiwezi kutunga sera peke yake. Kenya iliiingiza rasmi mirungi, huko ikiitwa miraa, katika orodha ya mazao yanayotambuliwa na sheria yake ya mazao mwaka 2016, na mwaka 2023 ikaitungia kanuni zake. Ethiopia inaiuza nje na kupata fedha za kigeni. Tanzania imeipiga marufuku. Uganda ilipiga marufuku kwa sheria ambayo Mahakama ya Katiba iliifuta Mei 2023 kwa sababu akidi ya wabunge haikuwa imetimia ilipopitishwa, na Bunge likalazimika kuirudia. Nchi hizi, ukiiacha Ethiopia, zimo katika Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2005 na Soko la Pamoja lililoanza 2010. Tarehe 1 Desemba 2018 marais John Magufuli na Uhuru Kenyatta walizindua pamoja kituo cha mpaka cha huduma za pamoja pale Namanga, ili bidhaa zipite kwa haraka. Na zinapita kwa haraka. Lakini kwa jani hili jumuiya yetu haina msimamo mmoja, na pasipo na msimamo mmoja huzaliwa njia za panya.

Hata kwao lilikozaliwa jani hakuna makubaliano. Mei 2024 magavana wa pwani ya Kenya, akianza Abdulswamad Nassir wa Mombasa, walipiga marufuku muguka, aina ya bei nafuu inayolimwa Embu, wakisema inawaharibu vijana wao. Rais William Ruto akaitangaza marufuku hiyo kuwa batili kwa kuwa inagongana na sheria ya taifa. Mkulima wa Embu alisema mwanawe anasomeshwa na jani. Mama wa Mombasa alisema mwanawe ameharibiwa nalo. Wote wawili ni raia wa nchi moja, na wote wawili walikuwa na haja ya kusikilizwa. Hilo liwe onyo kwetu tunaodhani kwamba siku moja Kenya itaamka na kung'oa mirungi kwa ajili ya Tanzania. Halitatokea. Uingereza ilipofunga soko lake Juni 2014, tena kinyume na ushauri wa baraza lake la kitaalamu, wakulima wa Meru ya Kenya walipoteza soko la mbali lakini hawakung'oa miti yao. Aliyepoteza soko la mbali ni jambo la kutarajia atatazama la karibu, na Arusha iko karibu.

Sisi wenyewe pia tuna mashamba. Milima ya Same, hasa Tae, imekuwa ikilima mirungi tangu zamani, na Mamlaka imekwenda huko kuifyeka. Kwa hiyo si sahihi kuwaambia wasomaji kwamba gomba, kama mirungi inavyoitwa mitaani, ni uovu unaotoka nje.

Je, jani lenyewe lina ubaya kiasi gani? Hapa ndipo nadhani sera yetu inahitaji ukweli zaidi. Kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani iliyolitazama suala hili mwaka 2006 haikuona sababu ya kuliweka jani lenyewe chini ya mikataba ya kimataifa, ingawa kathinoni ikitengwa na jani iko katika daraja la juu kabisa la mkataba wa mwaka 1971. Hiyo haina maana kwamba mirungi haidhuru. Mtafunaji hukosa usingizi na hamu ya kula, moyo humwenda mbio, meno na fizi huharibika, na aliyekesha akitafuna ili aendeshe gari usiku huwa hatari kwa nafsi yake na kwa abiria asubuhi usingizi unapodai haki yake. Kwa barabara ya Namanga, yenye malori, daladala na bodaboda, hilo si jambo dogo. Lakini ni madhara ya aina nyingine kabisa na yale ya heroini. Sheria yetu yenyewe inakubali tofauti hiyo kwa sehemu: viwango vya uzito vinavyoamua ukubwa wa kosa huhesabiwa kwa kilo kwenye bangi na mirungi, na kwa gramu kwenye heroini na kokeini. Kinachokosekana ni tofauti hiyo kufika kwenye mafunzo, kwenye matangazo, kwenye mahubiri ya mkutano wa hadhara, ambako bado vijana wanaambiwa kwamba dawa zote ni moja. Kijana aliyetafuna gomba mara kadhaa na hakuona mwisho wa dunia hatakuamini tena siku utakapomwambia kuhusu unga. Uongo mdogo unaosemwa kwa nia njema ndio unaoua imani pale inapohitajika.

Sasa tuuzunguke mlima.

Kisimiri ina sifa mbili. Ya kwanza ni shule. Sekondari ya Kisimiri, shule ya serikali, iliongoza nchi nzima katika matokeo ya kidato cha sita ya mwaka 2016, ikiziacha nyuma shule binafsi zenye ada kubwa. Ya pili ni bangi. Sifa hizi mbili zinakaa kwenye mteremko mmoja, na anayezijua zote mbili hawezi tena kuwaita watu wa huko wahalifu wa kuzaliwa au wajinga wasiojua faida ya elimu. Watu hao wanafanya hesabu, na hesabu yenyewe inaanza na ardhi.

Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ili ardhi igawiwe walowezi wa Kizungu. Kirilo Japhet alisafiri mwaka 1952 hadi New York kulieleza jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa, na kesi hiyo ikawa mojawapo ya vichocheo vya siasa za uhuru Tanganyika. Ardhi ilirudi, lakini haikuongezeka. Watu waliongezeka. Mlima una msitu na hifadhi juu yake, ukame chini yake, na katikati vipande vya mashamba vinavyogawanywa upya kila baba anapofariki. Mtu mwenye robo ekari mahali pasipo na barabara ya uhakika wakati wa mvua anatafuta zao linalobeba thamani kubwa kwa uzito mdogo, lisilooza njiani, na ambalo mnunuzi atalifuata mwenyewe. Nyanya na vitunguu vya Ngarenanyuki, vinavyolimwa kwa maji ya mifereji, havina sifa hata moja kati ya hizo tatu: bei ikianguka katika soko la Kilombero jijini Arusha, mkulima anarudi nyumbani na deni la mbolea. Bangi inazo zote tatu. Na inavunwa ndani ya miezi michache.

Sisemi hivyo kumtetea mkulima wa bangi. Moshi wa zao lake unaishia kwenye vifua na vichwa vya watoto wa watu, na ushahidi wa kitabibu kwamba matumizi mazito ya bangi katika umri wa kubalehe huongeza hatari ya maradhi ya akili ni mzito, hasa sasa ambapo aina kali kama skanka zimeingia sokoni na bangi inachanganywa hadi kwenye biskuti. Nasema hivyo kwa sababu serikali inayopanda mlima kwa panga na moto tu inaondoa zao bila kuondoa hesabu iliyolileta. Kikosi kikishashuka, robo ekari bado ni robo ekari. Operesheni za wilaya hii ya Arumeru, yenye halmashauri hizo mbili, zimerudiwa na kurudiwa, chini ya makamishna tofauti, na kurudiwa kwenyewe ni jibu. Dawa inayonywewa kila mwaka kwa ugonjwa ule ule inastahili kuulizwa maswali.

Kwingineko duniani kuna nchi zilizopita njia hii. Thailand ilianza mwaka 1969, kupitia mradi wa kifalme, kuwaondoa wakulima wa milima ya kaskazini kwenye kasumba na kuwaingiza kwenye kahawa, matunda na mboga. Ilichukua muda wa kizazi kizima. Kilichowasaidia hakikuwa miche peke yake. Ilikuwa barabara, kliniki, hati za ukaazi na mnunuzi aliyehakikishwa. Somo hilo linatufaa sana, kwa sababu vifaa vyake tunavyo hapa hapa. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian kiko Arusha, na kimetoa aina bora za maharage zinazolimwa kaskazini yote. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iko Lyamungo, mkoa jirani, na ina miche inayostahimili magonjwa. Parachichi linaenea. Tatizo ni kwamba mche wa kahawa unachukua miaka kama mitatu kabla ya kuanza kulipa, na mwenye njaa hana miaka mitatu. Anayetaka bangi iondoke Kisimiri lazima aseme nani atakilisha kijiji katika miaka hiyo mitatu. Mpaka sasa swali hili linaachiwa wakulima wenyewe, nao wanalijibu kwa njia wanayoijua.

Kuna pia sauti inayotaka tufuate upepo wa dunia. Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya ilipiga kura 27 kwa 25 kuiondoa bangi katika orodha ya vitu hatari zaidi vya mkataba wa mwaka 1961. Lesotho imetoa leseni za kilimo cha bangi ya tiba tangu 2017, Zimbabwe na Malawi zikafuata, na Rwanda jirani yetu imeruhusu ilimwe kwa ajili ya dawa za kuuza nje. Hata bungeni Dodoma wapo waliowahi kuuliza kwa nini sisi tusilime. Serikali imekataa, na kwa maoni yangu imefanya vema kukataa haraka hiyo. Si kwa sababu wazo ni haramu kujadiliwa, bali kwa sababu leseni hizo zinahitaji uzio, maabara, ulinzi na mtaji ambao mwenye robo ekari ya Kisimiri hatakuwa nao kamwe. Atakayenufaika ni kampuni, na mkulima mdogo atabaki mhalifu wa zao ambalo jirani yake tajiri analilima kihalali. Tukilijadili siku moja, tuanze na huyo mdogo.

Nimeacha kwa makusudi hadi sasa upande wa tiba, kwa sababu hapo ndipo tofauti ya pwani na mlima inapouma zaidi.

Tanzania ina jambo la kujivunia. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, ikiwa ya kwanza kufanya hivyo kwa mpango wa serikali katika bara la Afrika kusini mwa Sahara. Zikafuata Mwananyamala, Temeke, Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga na kwingine, na Arusha nayo ikapata huduma hiyo. Maelfu ya watu wamerudi kazini na kwenye familia zao kwa sababu ya kikombe kile kidogo. Maambukizi ya VVU kwa njia ya sindano, ambayo wakati fulani yalikuwa yanatisha jijini Dar es Salaam, yalipata kizuizi cha kweli. Nani angebisha?

Ila methadoni inatibu uraibu wa heroini na jamaa zake tu. Haimfai mvuta bangi aliyeanza kusikia sauti, haimfai mtafuna mirungi asiyelala, haimfai mnywa gongo. Kwa maneno mengine, huduma bora kabisa ya tiba tuliyo nayo haigusi dawa ambazo takwimu za Mamlaka yenyewe zinaonyesha ndizo zinazokamatwa kwa wingi, na ambazo ndizo za Oldonyo Sambu. Hata kwa yule mmoja wa Oldonyo Sambu anayetumia unga, methadoni mara nyingi hunywewa kila siku mbele ya mhudumu: maana yake ni kilomita 35 kwenda na 35 kurudi, kila siku, kwa mtu ambaye kwa kawaida hana nauli. Nyumba za upataji nafuu nazo nyingi ni za watu binafsi na mashirika, familia inachangia gharama, na mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa ukame hawezi.

Kijana wa bangi au mirungi anahitaji kitu cha bei ndogo kuliko methadoni, lakini kigumu kupatikana: mtu aliyefunzwa afya ya akili, katika zahanati au kituo cha afya cha karibu, mwenye muda wa kumsikiliza mara kwa mara kwa miezi. Mtaalamu wa namna hiyo utampata hospitali ya rufaa ya mkoa, Mount Meru. Vijijini, anayechukua nafasi yake ni mchungaji, laigwanani (kiongozi wa rika) au mshili (kiongozi wa ukoo). Watu hao tusiwadharau. Wanajua nyumba ipi ina shida kabla polisi hawajajua, na katika jamii za Waarusha na Wameru kauli ya rika na ya ukoo bado ina uzito ambao tangazo la redio halina. Lakini hakuna aliyewafunza kutofautisha ukaidi wa kijana na dalili za maradhi, na mzazi anaposhauriwa kumfunga kamba mtoto anayezungumza peke yake, kosa si la mshauri pekee.

Pombe niipitie haraka tu, ingawa kwa wingi wa wahanga huenda inazizidi zote. Marufuku ya viroba iliyoanza tarehe 1 Machi 2017 ilifanikiwa kwa kipimo chake: vifuko vile vya plastiki vilitoweka madukani. Pombe kali ikahamia kwenye chupa ndogo, na gongo, ambalo ni haramu tangu zamani, halijawahi kukosekana.

Kuna mwelekeo mmoja mpya ambao mji mdogo wa barabarani unapaswa kuuogopa kuliko mirungi. Utawala wa Taliban ulipiga marufuku kilimo cha kasumba Aprili 2022, na mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukaripoti kwamba kilimo hicho Afghanistan kilianguka kwa asilimia 95. Heroini ikipungua, mraibu haachi, anabadilisha. Methamfetamini inapanda kwa njia zile zile za majahazi. Na katika maduka ya dawa, tramadoli, valiamu na dawa za kikohozi zenye kodeini zimekuwa mbadala wa wengi. Mamlaka inaziita dawa tiba zenye asili ya kulevya, na inazifuatilia sambamba na kemikali bashirifu, zile zinazoweza kutengenezea dawa za kulevya. Hizi hazihitaji jahazi wala kikosi cha mlimani. Zinahitaji duka moja la dawa lisilouliza cheti.

Sera ya taifa inasema ina nguzo nne: kupunguza upatikanaji, kupunguza uhitaji, kupunguza madhara, na ushirikiano wa kitaifa na kimataifa. Zipime kutokea Oldonyo Sambu. Nguzo ya kwanza inaonekana kwa macho: vizuizi barabarani, operesheni mlimani, ofisi ya kanda ya Mamlaka. Ya pili inaanza kuonekana shuleni, ambako klabu za wanafunzi za kupinga rushwa zimeongezewa jukumu la dawa za kulevya. Ni mwanzo mzuri, ila kijana aliye hatarini zaidi ni yule ambaye hayupo darasani. Ya tatu inaishia jijini. Ya nne inaishia kwenye mikutano, kwa kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake makuu hapo hapo Arusha, haina msimamo mmoja kuhusu jani moja litendewe vipi pande mbili za Namanga.

Ndiyo maana ombi langu kwa Mamlaka ni dogo na linatekelezeka. Taarifa ijayo ya hali ya dawa za kulevya nchini, karibu na safu ya tani, iwe na safu nyingine tatu kwa kila wilaya: ekari zilizofyekwa ambazo msimu uliofuata zilikutwa na zao halali, watu waliopata tiba kwa aina ya dawa waliyokuwa wakitumia, na umbali ambao mgonjwa alilazimika kusafiri kuifuata tiba hiyo. Maofisa wanaopanda Kisimiri wanaweza kuihesabu safu ya kwanza wakiwa njiani. Wizara ya Afya inazo daftari za safu ya pili. Ya tatu inahitaji ramani tu. Na kwa madiwani wa Halmashauri ya Arusha na ya Meru: bajeti ya mwaka ujao iwe na fedha za mtaalamu mmoja wa afya ya akili kwa kituo cha afya kilicho karibu na barabara ya Namanga na mwingine kwa upande wa Ngarenanyuki. Watu wawili tu. Wazazi wa Oldonyo Sambu waulizeni madiwani wenu jambo hilo kabla kikao cha bajeti hakijafungwa.